Ulinzi wa eneo la ujenzi: Mali bila daftari hupotea bila habari

MTU anayejenga nyumba jijini Dar es Salaam, kama ilivyo kwa wenzake wa Mwanza, Arusha au Dodoma, mara nyingi haimalizi nyumba hiyo kwa mwaka mmoja. Huanza kwa kununua kiwanja, akapumzika. Baadaye humwaga msingi, akapumzika tena. Hupandisha kuta hadi kwenye lenta, kisha akasubiri mkopo au faida ya biashara ndipo aezeke. Katika muda huo wote, ambao huweza kuchukua miaka 5 au hata 10, mali yake huwa imelala nje, mbele ya macho ya kila mpita njia.

Ndiyo maana suala la ulinzi wa maeneo ya ujenzi si la kampuni kubwa zinazojenga maghorofa peke yake. Linamhusu pia mwalimu, muuguzi, mwenye duka na mstaafu aliyekitumbukiza kiinua mgongo chake chote katika tofali na saruji.

Wengi wetu tukitajiwa ulinzi huo, picha inayotujia kwanza ni ya mzee mwenye rungu na tochi, ameketi kando ya moto nyuma ya uzio wa mabati. Mlinzi na uzio ni vitu vya lazima, nasi tutavieleza. Hata hivyo, yeyote aliyekwisha kujenga anafahamu kwamba mali haitoki usiku tu kwa kuruka ukuta. Hutoka pia mchana kweupe, kwa kupitia getini, mikononi mwa watu ambao mwenye nyumba mwenyewe amewaajiri. Wizi wa namna hiyo hauzuiwi na rungu. Huzuiwa na hesabu.

Makala haya yanaeleza ni kwa nini eneo la ujenzi huwavutia wezi, ni madhara gani hufuata baada ya wizi, na ni hatua zipi mjenzi wa kawaida anaweza kuzichukua bila kuingia gharama zisizomudika.

Kwa nini wezi huvutiwa

Eneo la ujenzi lina sifa tatu ambazo hazipatikani kwa pamoja mahali pengine. Kwanza, liko wazi: hakuna milango wala madirisha, na ukuta wenyewe huenda bado haujafika kiunoni. Pili, huingia watu wengi wasiofahamiana. Wapo mafundi, vibarua, madereva wa malori, wauza kokoto, mama lishe na watafuta kazi, na kila siku sura hubadilika. Tatu, mali iliyopo huuzika upesi na haina alama ya mwenyewe. Mfuko wa saruji ukishatoka getini hauna tofauti na mfuko mwingine wowote ulioko dukani.

Vitu vinavyoibwa mara nyingi vinajulikana. Vipo saruji, nondo, mbao, mirunda, misumari, nyaya za umeme, mabomba, mabati, vigae, vitasa na vyombo vya kazi kama toroli, sepeto, jenereta na mashine za kutetemesha zege. Nyaya za shaba na vipande vya nondo hupata soko la haraka katika biashara ya vyuma chakavu, ambako mzigo hupimwa kwa kilo na muuzaji huweza asiulizwe alikoutoa.

Aidha, hatari hubadilika kadiri jengo linavyopanda. Wakati wa msingi, mali iliyo hatarini ni saruji, nondo na mbao. Wakati wa kupaua, hatari huhamia kwenye mabati na misumari. Wakati wa kumalizia ndipo vitu vidogo vya thamani kubwa huingia, yaani nyaya, soketi, mabomba, masinki, milango na vigae. Mwenye nyumba aliyelinda vyema kwa miaka mitatu huweza kuibiwa katika wiki ya mwisho, kwa sababu ameona kuta zimesimama akadhani hatari imekwisha.

Wizi unaobaki ndani ya jengo

Ipo tofauti kubwa kati ya kuibiwa jenereta na kuibiwa saruji. Jenereta ikiibwa, mwenye mali hupata hasara ya fedha, akanunua nyingine. Saruji iliyoibwa wakati zege linachanganywa huacha pengo ndani ya jengo, na pengo hilo halionekani kwa macho.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu anataka kumwaga zege la dari lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na unene wa sentimita 15. Ujazo wake ni mita 12 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, kila mita moja ya ujazo huhitaji takriban mifuko 6 na nusu ya kilo 50. Hivyo kazi nzima huhitaji mifuko ipatayo 78.

Sasa tuseme mifuko 12 imepitishwa mlango wa nyuma. Zege litamwagwa vilevile, kwa kuwa mchanga na kokoto vipo vya kutosha. Litajaa kwenye mbao, litasawazishwa na litakauka likiwa na rangi ileile ya kijivu. Lakini kila sehemu moja ya saruji sasa inabeba karibu sehemu 2.4 za mchanga na 4.7 za kokoto. Mafundi wakiona mchanganyiko ni mgumu kusambaa huongeza maji, na maji yakizidi hulidhoofisha zege zaidi. Mwenye nyumba ameibiwa mifuko 12, lakini watakaolala chini ya dari hilo wameibiwa usalama wao.

Hali ni hiyohiyo kwa nondo. Mhandisi akiagiza nondo za milimita 12, kisha zikafungwa za milimita 10, tofauti hiyo huonekana ndogo mno. Lakini nguvu ya nondo hutokana na eneo la mkato wake, na eneo hilo hupungua kwa takriban asilimia 30. Ni sawa na kuondoa karibu nondo moja katika kila tatu. Ringi zikifungwa kwa kuachana sentimita 30 badala ya 20 zilizoagizwa, ringi nyingine nyingi zimekwenda kuuzwa, na nguzo imebaki dhaifu.

Mirunda nayo ina hatari yake. Miti inayolishikilia zege la dari huachwa mahali pake hadi zege likomae, kwa kawaida wiki 2 hadi 4 kutegemea upana wa dari na maelekezo ya mhandisi. Mwizi anayechomoa mirunda michache usiku, siku ya tatu baada ya zege kumwagwa, anaweza kuliangusha dari lote juu ya watu watakaoingia asubuhi.

Watanzania hawahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya jengo kuanguka. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji la Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lililokuwa likitumika kwa biashara katika eneo la Kariakoo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Si haki kudai kwamba kila jengo linaloanguka limeibiwa saruji. Zipo sababu nyingi, zikiwamo usanifu mbaya, kuongeza ghorofa zisizokuwamo kwenye kibali, udongo dhaifu na ukosefu wa usimamizi. Lakini misiba hiyo inatosha kutukumbusha kwamba kilichomo ndani ya zege si siri ya fundi na mwenye nyumba peke yao.

Uzio, geti na bango

Hatua ya kwanza ya ulinzi ni kuweka mpaka. Uzio wa mabati yaliyotumika, uliopigiliwa kwenye miti imara, unatosha kwa kiwanja cha kawaida. Faida yake si kumzuia mwizi aliyedhamiria, bali ni kumfanya kila aingiaye apitie mahali pamoja. Kwa sababu hiyo geti liwe moja tu. Eneo lenye njia tatu za kuingilia huhitaji walinzi watatu.

Uzio una kazi ya pili ambayo wengi huisahau, nayo ni kuwalinda watu wasiohusika. Eneo la ujenzi huwavutia watoto, hasa siku za mapumziko ambapo mafundi hawapo. Shimo la choo lisilofunikwa, msingi uliojaa maji ya mvua, ngazi isiyo na kingo na rundo la mbao zenye misumari ni mitego kwa mtoto wa jirani. Mashimo yote yafunikwe kwa mbao nzito au yazungushiwe kizuizi kila jioni, na ngazi za kupandia juu zilazwe chini na kufungiwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inalitambua eneo la ujenzi kuwa ni mahali pa kazi, na inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Kadhalika, miradi inayojengwa na makandarasi waliosajiliwa hutakiwa kuwa na bango linaloonyesha wahusika wa mradi. Bango hilo ni sehemu ya ulinzi pia. Jirani anayeona lori likipakia mabati saa nne usiku anahitaji kujua ampigie simu nani.

Stoo na mpangilio wa vifaa

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, jenga stoo. Inaweza kuwa ya tofali zitakazotumika baadaye, au chumba cha kwanza cha nyumba ya nyuma kikipauliwa mapema na kuwekewa mlango wa chuma. Stoo iwe ndani ya eneo, mbali na uzio, na mlango wake uelekee mahali mlinzi anapoketi.

Saruji ipangwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na isizidi mifuko 10 kwenda juu. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Hapa ulinzi na ubora vinakwenda pamoja, kwani saruji huzeeka. Wataalamu hukadiria kwamba ikikaa ghalani miezi 3 hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake. Anayenunua mifuko 200 kwa sababu bei imeshuka, ilhali kazi ya wiki hii inahitaji 30, amejiwekea mzigo wa kulinda na wa kuharibika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nunua kwa kadiri ya kazi iliyo mbele yako.

Nondo ni ndefu na hukaa nje. Zipangwe kwa unene wake, kila fungu mahali pake, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini, na ncha zake zipakwe rangi uliyoichagua mwenyewe. Rangi hiyo itakusaidia kuzitambua zikikutwa kwingine. Mbao na mirunda vilevile vipigwe alama. Mchanga na kokoto vimwagwe ndani ya uzio, kwani rundo lililoachwa barabarani hupungua kidogo kidogo kwa ndoo na toroli bila mtu kushtuka.

Daftari

Chombo cha ulinzi chenye gharama ndogo kuliko vyote ni daftari la kurasa 100. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo usemi huo unathibitika kama kwenye ujenzi.

Daftari la stoo liwe na safu zifuatazo: tarehe, kitu, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, kazi iliyokusudiwa, kiasi kilichobaki, sahihi ya aliyetoa na sahihi ya aliyepokea. Kila jioni, kilichobaki kihesabiwe kwa macho na kulinganishwa na kilichoandikwa. Tofauti ikionekana siku hiyohiyo, huulizwa watu watano. Ikionekana baada ya miezi miwili, haijulikani pa kuanzia.

Mali ihesabiwe inapoingia, si inapotafutwa. Wizi mwingine hufanyika kabla mzigo haujashushwa. Lori la mchanga huja limejazwa nusu, au mifuko 100 iliyolipiwa hufika 95. Kwa nondo, hesabu ya uzito husaidia. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa karibu kilo 10.7, hivyo tani moja ni takriban vipande 94. Kwa milimita 16, kila kipande ni karibu kilo 19, na tani moja ni vipande 53 hivi. Kwa milimita 10, kipande ni kilo 7.4, na tani moja ni vipande 135. Anayejua takwimu hizo hahitaji kuwa mhandisi ili atambue kwamba mzigo umepunguzwa, au kwamba nondo ni nyembamba kuliko inavyodaiwa.

Mifuko mitupu ya saruji nayo ihesabiwe. Utaratibu wa baadhi ya wasimamizi ni kwamba fundi hapewi mifuko ya kesho mpaka arudishe mitupu ya leo. Kwa kuwa wajanja huweza kuleta mifuko mitupu kutoka kwingine, kila mfuko upigwe alama ya rangi siku unapoingia stoo.

Vilevile, kabla ya kazi kubwa kama kumwaga zege, mwombe mhandisi au mkadiriaji majenzi akuandikie kiasi kinachohitajika. Ukijua kwamba kazi inataka mifuko 78, ikatumika 78, umelindwa. Ikitumika 60, hupaswi kufurahi kwamba fundi amekuokolea fedha. Unapaswa kuuliza. Na kwa jengo la ghorofa, zege litolewe sampuli katika michemraba ya milimita 150 na kupimwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Hicho ndicho kipimo kinachoonyesha iwapo zege limefikia nguvu iliyokusudiwa.

Kazi tatu, watu watatu

Kanuni moja ya uhasibu inafaa sana hapa: anayeagiza mali asiwe ndiye anayeipokea, na anayeitunza asiwe ndiye anayeitumia. Fundi mkuu aseme anahitaji nini. Mtunza stoo atoe na kuandika. Mlinzi ahakikishe kwamba hakitoki kitu getini bila karatasi. Kazi hizo tatu zikiwa mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, umemwekea kishawishi na umemnyima shahidi wa kumtetea siku atakaposingiziwa.

Jambo hili huwahusu zaidi wanaojenga wakiwa mbali, wawe wafanyakazi waliohamishiwa mikoani au Watanzania wanaoishi Oman, Uingereza au Marekani. Wengi humtumia ndugu mmoja fedha zote, naye ndugu huyo hununua, hupokea na husimamia. Undugu mwingi umevunjika kwa njia hiyo, na si lazima awe ameiba. Huenda bei zilipanda, huenda mvua iliharibu saruji, lakini hana karatasi ya kuonyesha. Ni afadhali duka lilipwe moja kwa moja, mzigo upokewe na mtu wa pili, picha zipigwe kwa kila hatua hasa nondo kabla hazijafunikwa na zege, na fundi alipwe kwa hatua iliyokaguliwa.

Mlinzi naye alindwe

Mlinzi wa eneo la ujenzi ndiye mtu wa kwanza kulaumiwa na wa mwisho kulipwa. Wapo wanaolala chini ya turubai, bila choo, bila taa na bila simu yenye salio, kisha wanatarajiwa kukabiliana na watu wanne wenye mapanga. Mtu wa namna hiyo hulindi mali kwa kumweka pale. Unamweka hatarini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa wiki kuwa ukomo wa saa za kawaida za kazi, na inataka kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mlinzi mmoja anayekaa kiwanjani usiku na mchana, siku 7 za wiki, hayumo ndani ya utaratibu huo. Aidha, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha mfuko wa kuwafidia wanaoumia kazini. Mwajiri asiyemwandikisha mlinzi wake humwacha bila kinga.

Kabla ya kumwajiri, mwombe kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi na wadhamini wawili wanaofahamika. Mpatie kibanda kisichovuja, koti, viatu vya mvua, tochi, filimbi na simu. Mwandikie kazi zake. Mweleze wazi kwamba akivamiwa na watu wenye silaha, wajibu wake ni kupiga filimbi, kupiga simu na kuokoa maisha yake. Nondo hununuliwa tena. Na mlipe kwa wakati, kwa sababu mlinzi aliyedai mshahara wa miezi miwili, akiwa ameketi juu ya mali inayouzika, amewekwa katika mtihani ambao si haki kumpa binadamu.

Neno hilo linawahusu mafundi pia. Mwenye nyumba anayefurahia kumpata fundi wa bei ya chini mno ajiulize fundi huyo atailishaje familia yake. Anayekubali malipo yasiyomtosha huweza kujilipa mwenyewe kutoka stoo. Tofauti ya bei uliyoiona kuwa ni faida huenda ikatoka ndani ya nguzo za nyumba yako.

Taa na kamera

Teknolojia imeleta msaada. Taa zinazotumia nguvu ya jua, zenye kuwaka mtu anapopita, zinapatikana hata mahali ambapo umeme haujavutwa. Kamera ndogo zinazotumia laini ya simu humwezesha mwenye nyumba kuona eneo lake akiwa ofisini au ng'ambo. Kengele ya mlangoni nayo humshtua mlinzi aliyesinzia.

Hata hivyo, kamera haimfukuzi mwizi na haihesabu saruji. Isipokuwapo mtu wa kuitazama na mwingine wa kukimbilia eneo la tukio, itakachokupa ni picha ya mali yako ikiondoka. Kamera ielekezwe getini na kwenye mlango wa stoo, wala isielekezwe ndani ya nyumba za majirani.

Majirani, mtaa na polisi

Katika miji yetu, jirani ni ulinzi usiolipiwa. Kabla ya kuanza ujenzi, jitambulishe kwa majirani, kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Waeleze saa za kazi, ili lori litakaloonekana nje ya saa hizo litiliwe mashaka. Palipo na vikundi vya ulinzi shirikishi, changia. Mjenzi anayemwaga kokoto kwenye njia ya wenzake na kuwapigia kelele hadi usiku asitarajie kwamba watamwamshia mwizi.

Wizi ukitokea, usiguse mlango uliovunjwa wala kufagia nyayo. Toa taarifa kituo cha polisi na upewe namba ya taarifa, maarufu kama RB. Hapo ndipo daftari huonyesha thamani yake kwa mara ya pili, kwani polisi hawawezi kutafuta "saruji nyingi na nondo kadhaa". Wanaweza kutafuta mifuko 34 yenye alama ya rangi ya bluu. Kanuni ya Adhabu inatambua wizi unaofanywa na mtumishi dhidi ya mwajiri wake kuwa ni kosa la pekee lenye adhabu kali kuliko wizi wa kawaida, na kumpokea mwizi mali huku ukijua imeibwa ni kosa pia. Anayenunua saruji ya bei ya kutupa usiku, nyuma ya bajaji, ajue kwamba anaweza kusimama kizimbani.

Kwa upande mwingine, mtuhumiwa akikamatwa akabidhiwe polisi. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla kosa lake halijathibitishwa. Vijana wamekwisha kuuawa mitaani kwa tuhuma za kuiba vitu vidogo, na baadhi yao hawakuiba. Hakuna mfuko wa saruji wenye thamani ya uhai wa mtu.

Mwisho

Ulinzi wa eneo la ujenzi, kwa hiyo, haumalizwi na uzio mrefu wala mbwa mkali. Unaanza na kujua ulicho nacho leo asubuhi, ulichotumia mchana na kilichobaki jioni, ukiwa na watu wanaolipwa na kuheshimiwa kiasi cha kutaka hesabu hiyo itimie. Nyumba ikishapakwa rangi, hakuna atakayeona kama mifuko 12 ilipungua. Watakaoingia kulala humo, wakiwamo watoto ambao leo hawajazaliwa, wataamini tu kwamba kilichonunuliwa ndicho kilichomwagwa. Ni wajibu wa mjenzi kuhakikisha kwamba imani hiyo ina daftari la kuithibitisha.